Mwonja Chai na Mstari wa Shingoni

Kitu ambacho Gibson Chepyegon alikiogopa kuliko vyote asubuhi ile ya Jumanne kilikuwa chafya. Mfagiaji wa wodi alikuwa amefika kitanda cha tatu, ufagio ukisukuma vumbi kuelekea dirishani, na Gibson alihisi pua ikianza kuwasha. Alikuwa amelala chali, shingo ikiwa ndani ya kola ngumu ya plastiki, macho kwenye dari. Alibana pua kwa vidole viwili, akahesabu hadi ishirini, akasubiri mwili ubadili nia. Ulibadili.

Jioni iliyotangulia, Daktari Gesare, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa amesimama kando ya kitanda hicho na kumweleza kwamba picha ya mishipa ya shingo yake imeonyesha mstari mwembamba ndani ya mshipa mkubwa wa kushoto, ule unaopandisha damu kwenye ubongo. Mstari wa namna ile, alisema, unaweza kuwa mpasuko katika ukuta wa ndani wa mshipa. Damu ikijipenyeza kwenye mpasuko huganda, na bonge dogo likichomoka hapo huenda moja kwa moja kichwani.

"Likifika huko?" Gibson aliuliza.

"Stroki, kiharusi." Daktari hakulipamba neno. "Ndiyo maana nataka ulale bila kugeuza shingo. Usijikaze chooni, usinyanyue kitu chochote. Kesho saa saba mchana ambulensi itakupeleka Nairobi."

Alitaka kuuliza habari ya chafya, akaona aibu. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, mzee wa kanisa, kuuliza daktari kama anaruhusiwa kupiga chafya. Usiku kucha akaipigania pua yake peke yake.

Alijua stroki ina sura gani. Lazarus, aliyekuwa karani wa mizani kule kiwandani, ilimpata miaka mitatu iliyopita. Gibson alikwenda kumwona nyumbani kwake upande wa Kaplong, akamkuta amekalishwa kwenye kiti, mdomo umeinamia upande mmoja. Binti yake alimnywesha chai kwa kijiko, na chai ikamtiririka kidevuni. Gibson alimuuliza kama ina sukari ya kutosha. Lazarus alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema hajui. Jibu hilo Gibson alilibeba hadi nyumbani, na hakumwambia mke wake, Esnah, hata siku moja. Kwake yeye kifo kilikuwa jambo la watu wote. Lakini kutojua kama chai ina sukari kulikuwa jambo lake mwenyewe.

Kwa sababu Gibson anaishi kwa kinywa. Ni mwonjaji katika kiwanda cha chai cha wakulima wadogo, mwendo mfupi kutoka Ndanai, na amekuwa kwenye meza ya kuonjea kwa miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo alisukuma matoroli ya majani mabichi, kisha akahamishiwa mashine za kukaushia. Siku moja alimwambia msimamizi kwamba chai ya mashine ya pili ina moshi. Msimamizi alitazama vipimo, akasema hakuna moshi. Saa moja baadaye fundi alikuta bomba limepasuka. Wiki iliyofuata Gibson alipewa koti jeupe na kijiko.

Kazi yenyewe ni hivi. Mabakuli thelathini hupangwa mezani. Mwonjaji hujaza kijiko, hukifikisha mdomoni na kuivuta chai pamoja na hewa kwa mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa. Ulimi hupanda juu, taya hushuka, chai husambaa kinywa kizima na harufu yake hupanda puani kupitia nyuma ya koo. Kisha huitema kwenye ndoo yenye magurudumu anayoisukuma kwa goti. Mara mia tatu kwa siku. Siku za kazi Gibson hagusi mursik. Esnah humfichia kibuyu cha maziwa hayo ya mgando mpaka jioni. Haogi kwa sabuni yenye manukato. Naye haonji chai tu. Huonja maji ya tangi baada ya mvua, maziwa ya kila ng'ombe, uji wa matangani. Mwaka wa kwanza wa kazi hiyo, kikombe cha Meza ya Bwana kilipomfikia kanisani, alikivuta kwa mlio ule ule, na waumini wa safu tatu za mbele wakageuka. Hakukusudia. Mdomo ulijifanyia.

Mkasa wenyewe ulianza Jumamosi. Alikuwa akimpeleka mtamba wake joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, kamba ameizungusha mkono wa kulia, mbwa akatoka kwenye ua wa jirani. Mtamba akaruka. Gibson alivutwa hatua tano kabla kamba haijamwachia, na shingo ikalia. Jumapili ilimuuma upande mzima. Jumatatu asubuhi, kwenye bakuli la kumi na moja, kijiko kilimtoka mkononi na kuanguka mezani. Alitazama vidole vyake vya kulia. Vilikuwa pale, lakini vilikuwa kama vya mtu mwingine.

"Ndugu, umechoka kazi?" Oketch alimwambia kutoka upande wa pili wa meza. Oketch ni mwonjaji mwenzake, mtu wa kutoka ziwani, wamekaa meza moja miaka kumi na minne. Kisha alimtazama vizuri, akaacha utani, akaenda kutafuta gari la kiwanda.

Vidole vilipata uhai tena baada ya dakika kumi, lakini Daktari Gesare hakupenda hadithi aliyosikia: shingo kuvutwa kwa nguvu, maumivu, kisha mkono kufa ganzi. Akaagiza mishipa ya shingo ipigwe picha kwa mashine ya CT, ile yenye duara kubwa ambayo mgonjwa hupitishwa katikati yake.

Aliyeiendesha mashine ni Jerusa, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Alimchoma branula, ile sindano ya plastiki inayoachwa kwenye mshipa, akaiunganisha na mpira wa dawa.

"Sasa mzee, nisikilize. Nitakuambia usipumue. Hapo usiongee, usimeze mate, usitingishike hata kidogo. Dawa ikiingia utasikia joto mwili wote. Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea."

"Wangapi wamekuuliza?"

"Wote," Jerusa alisema, akaenda nyuma ya kioo.

Joto lilikuja kama alivyosema, likapanda kifuani, likapita kooni. Kitanda kikateleza, duara likanguruma, na baada ya sekunde tano kazi ikawa imeisha. Gibson aliamini ameifanya vizuri. Picha zilitumwa kwa daktari wa kusoma picha aliyekuwa mji mwingine, na baada ya saa mbili jibu lilirudi likiwa na ule mstari.

Basi Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Esnah aliingia wodini na mfuko wa nguo za safari. Alikuwa amevaa sweta ya kanisa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kisha akasimama upesi, akihofia kwamba amekitikisa.

"Kaa tu, Mama Cherop."

"Nitasimama."

"Mtamba yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anakula kama hajafanya kitu." Alizikunja upya nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari. "Cherop amepiga simu. Anataka kuongea na wewe. Nimemwambia umelala."

"Kwa nini umemdanganya mtoto?"

"Kwa sababu akikusikia atalia, na wewe ukilia utatikisa shingo."

Kwa pembe ya jicho Gibson aliiona saa ya ukutani. Zilibaki saa tatu, na barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa na matuta. Usiku alijaribu kuyahesabu kwa kumbukumbu, kutoka Kericho hadi Mau Summit, na kila tuta alilolikumbuka alihisi kitu kikichomoka shingoni.

Oketch alifika akiwa na chupa ya chai, na kijiko cha kazini mfukoni kimefungwa kwa karatasi.

"Shemeji, habari za asubuhi. Ndugu, umelala kama chifu anayesubiri kupigwa picha." Alivuta kiti. "Nimekuja na kesi. Chai ya leo, mashine ya pili. Mimi nasema imeiva sawa, msimamizi anasema imezidi moto. Tumebishana tangu saa moja. Nikamwambia ngoja nikamuulize Gibson kabla hajaenda Nairobi."

"Mtu ni mgonjwa," Esnah alisema.

"Anaruhusiwa kunywa chai?"

Aliruhusiwa, hakuna aliyemkataza. Oketch alimimina chai kwenye kifuniko, akajaza kijiko na kukishusha taratibu hadi midomoni mwa Gibson. Kwa mara ya kwanza tangu jana, Gibson alisahau mshipa wake. Aliivuta. Mlio ule wa kitambaa kupasuka ulijaza wodi, na mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. Kola ya plastiki ilipanda, ikashuka. Gibson akatema ndani ya bakuli la hospitali.

"Imezidi moto," alisema. "Kidogo tu. Mwambie msimamizi amesema kweli."

"Rudia hivyo," sauti ilisema kutoka mlangoni.

Alikuwa Jerusa. Mkononi alikuwa na sidii ya picha za kupelekwa Nairobi. Wote watatu walimtazama.

"Nirudie nini, dada?"

"Ulivyofanya sasa hivi. Hicho kijiko."

Gibson aliogopa kwamba amevunja sheria. Oketch alijaza kijiko kingine, na safari hii Jerusa aliinama hadi miwani yake ikakaribia kola. Aliangalia koo likipanda na kushuka, taya likisogea, misuli ya pande zote mbili ikijikaza kama kamba.

"Jana nilikuambia usimeze," alisema. "Ulimeza?"

"Sikumeza."

"Una uhakika, mzee? Sitakukasirikia."

"Dada, miaka ishirini na miwili nalipwa ili nisimeze."

Oketch alicheka. Jerusa hakucheka. "Dawa ilipoingia ulisikia nini?"

"Joto. Halafu ladha."

"Ladha gani?"

"Ya chuma. Si chuma cha kijiko, hicho ni baridi. Hii ni chuma cha sufuria iliyochemka mpaka ikakauka. Nyuma ya ulimi ina chumvi kidogo. Na haiishi upesi, inabaki kwenye kaakaa."

"Watu huniambia ni ladha mbaya, basi," Jerusa alisema. "Wewe umejuaje kuna chumvi nyuma ya ulimi?"

Gibson alifungua mdomo kujibu, na jibu likamfikia kabla hajalitoa.

"Nilionja," alisema. "Sikumeza. Nilionja tu. Nimeharibu nini?"

Jerusa alimweleza akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa na neno hilo tangu asubuhi na hakuwa na pa kuliweka. Mashine haipigi picha moja, alisema. Hukata shingo vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, kisha kompyuta huviunganisha. Mtu akisogea katikati ya kazi, mshipa unakutwa mahali pawili, na ukuta wake huchorwa mara mbili. Ukuta uliochorwa mara mbili hufanana sana na ukuta uliopasuka. Asubuhi ile, alipokuwa akinakili picha, aliona kitu kingine: pale pale penye mstari, ngozi ya shingo ilikuwa imekatika kama ngazi, na ukingo wa mfupa wa taya ulikuwa na kivuli.

"Mtamba anaweza kupasua mshipa," alisema. "Hawezi kukata ngozi kama ngazi bila kuacha alama. Nilikuwa nakuja kukuuliza kama ulitikisika. Kumbe ulionja, na koo likapanda."

"Kwa hiyo hakuna kitu?" Esnah aliuliza.

"Sijasema hivyo, mama. Mimi napiga picha. Kusema ni kazi ya daktari."

Daktari Gesare alikuja baada ya robo saa, akiwa ameshaiangalia picha na Jerusa, tena ameshazungumza kwa simu na yule aliyeisoma. Uso wake haukuwa wa mtu anayeleta habari njema.

"Siwezi kukuambia huna mpasuko," alisema. "Ninachoweza kukuambia ni kwamba picha hii haiwezi kunijibu. Inaonyesha ulisogea. Haionyeshi kuna nini chini ya kule kusogea. Figo zako ziko sawa, zitaimudu ile dawa mara ya pili, kwa hiyo naweza kurudia. Mstari ukitoweka, hujapasuka. Ukibaki pale pale, unaondoka saa saba kama tulivyopanga, na kuanzia hapo nataka hata chai unywe kwa mrija."

"Ile ladha itakuja tena?"

"Itakuja," Jerusa alisema.

Sasa hofu ya Gibson ilihama kutoka shingoni, ikaingia kinywani. Mshipa angeweza kuulinda kwa kulala kimya. Ulimi hakuwahi kuuamuru. Haukumsubiri kanisani, wala haukumsubiri jana. Akionja tena, mstari utachorwa tena, na hakuna atakayejua ni wa kweli au ni wake mwenyewe. Atapandishwa ambulensi, atapewa dawa za kuzuia damu isigande, na atazitumia sijui wiki ngapi kwa ugonjwa ambao huenda hana. Au anao.

"Tunafanya mazoezi," Jerusa alisema. "Ncha ya ulimi iweke kati ya meno ya mbele, uing'ate polepole. Mdomo ufunge. Wewe mzee wa kijiko, njoo."

Oketch alisimama kando ya kitanda na kijiko chake. Alidondosha tone moja la chai kwenye mdomo wa chini wa Gibson. Koo likapanda.

"Umeonja," Jerusa alisema.

Tone la pili. Koo likapanda, kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Ndugu," Oketch alisema, na sauti yake haikuwa na utani, "fikiria ni chai ya washindani wetu. Usiipe heshima hiyo."

Tone la tatu lilikaa kwenye ufizi. Gibson aling'ata ulimi mpaka machozi yakamtoka. Alihisi lile tone likiita, joto lake, uchungu wake mdogo pembeni. Koo halikusogea. La nne pia. Kwenye la tano koo lilipanda tena, na Jerusa akatazama saa, akasema imetosha, waende.

Kwenye chumba cha mashine kulikuwa na baridi. Walimsogeza kwa shuka, watu wanne, bila kumgeuza. Kola ilitolewa, na shingo yake ikabaki wazi kama ya kuku. Hakumwomba Mungu aponywe. Aliomba sekunde tano.

"Usipumue," Jerusa alisema kupitia spika.

Joto likapanda kifuani. Likafika kooni. Kisha ile ladha ikaja, ikitokea chini na nyuma, mahali ambapo hakuna kijiko kilichowahi kufika, na ulimi ukashtuka kati ya meno kama mnyama aliyesikia jina lake. Akaung'ata. Duara likanguruma. Aliuhisi ukivuta kurudi ndani, na akaung'ata zaidi, na kinywa chake kikajaa ladha nyingine, ya damu, ambayo nayo hakuionja. Kitanda kikateleza. Kikasimama.

"Pumua."

Alipumua. Alingoja Jerusa aseme kitu.

"Mzee," sauti ilisema mwishowe. "Ladha ilikuwaje leo?"

Gibson alitafuta. Alirudi nyuma sekunde chache, pale ilipopita, kama anavyorudi kila siku kulikumbuka bakuli la tatu akiwa kwenye la thelathini. Hapakuwa na kitu.

"Sijui, dada," alisema, akamkumbuka Lazarus.

Daktari Gesare alizitazama picha mara tatu kabla ya kuja kwake, na yule wa mji mwingine alizitazama pia. Mshipa wa kushoto ulikuwa mzima kutoka kifuani hadi chini ya fuvu, kuta zake laini pande zote. Mstari haukuwepo. Ngazi ya ngozi haikuwepo pia. Mkono, alisema daktari, ulikufa ganzi kwa sababu ya neva iliyovutwa pamoja na kamba ya mtamba. Itauma wiki kadhaa, atafanya mazoezi ya shingo, na ng'ombe apelekwe joshoni na mtu mwingine. Ambulensi ikaambiwa isije. Gibson alimsikiliza akiwa na kijitambaa mdomoni, ulimi umevimba, hawezi kutamka vizuri neno asante.

Saa tisa alitoka hospitalini kwa miguu yake, Esnah upande mmoja, Oketch upande wa pili na mfuko wa nguo. Alitembea polepole, kichwa kimenyooka, macho mbele, kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa. Oketch alipomsemesha kutoka kulia, Gibson aligeuka mwili mzima, mabega na miguu, kumtazama.

"Baba Cherop," Esnah alisema, "daktari amesema uko mzima. Mbona unatembea hivyo?"

"Shingo bado haijaambiwa," alisema.

Walipofika kwenye gari la kiwanda, vumbi la barabarani lilimwingia puani. Alisimama. Esnah alimwona akiinua vidole viwili kwenda kubana pua, kisha akiviacha hewani, karibu na uso, bila kujua aviweke wapi. Alipiga chafya. Alibaki ameinama, ameshika mlango wa gari, akisubiri kuona kama kuna kitu kimechomoka shingoni, na wenzake wawili wakasubiri pamoja naye.